Kinga (baiskeli) ya kulala na mgongo unaouma: ipokee, lakini kwa masharti

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, nina miaka 52. Naishi Katuba, na shule yangu iko karibu na katikati ya mji, kama kilomita sita. Miaka yote nimekwenda kazini kwa kinga ya kawaida, ile nyeusi ya inchi 28. Tangu mwaka jana mgongo unauma chini, usawa wa kiuno, na nikikaa nusu saa kwenye kinga maumivu yanashuka tako la kulia mpaka nyuma ya goti. Skana ilionyesha diski moja imetokeza na kugusa mshipa wa fahamu. Daktari alisema nipunguze kinga, hakusema niache. Sasa mtoto wa dada yangu aliye Ubelgiji ana kinga ya kulala, magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Mtu anakaa chini ameegemea, miguu inapiga pedali mbele yake. Anataka kunitumia kwa kontena, na anasema mgongo utapona. Mke wangu anasema malori yatanikanyaga kwa sababu iko chini mno. Wenzangu shuleni wanaiita gari la wagonjwa. Fundi mmoja pale komini ya Kenya, hapa mjini, aliiona kwenye picha, akasema mnyororo wake hapa haupatikani. Niipokee? Na nikiipokea, niiwekee vifaa gani?"

Mwalimu, jibu langu ni ndiyo, ipokee, lakini si kwa sababu aliyokupa mtoto wa dada yako. Hakuna kinga inayoponya diski. Diski iliyotokeza mara nyingi hutulia yenyewe ndani ya wiki au miezi, mtu akiendelea kutembea, akifanya mazoezi yake, na akiacha kuinua mizigo kwa kuinama. Kinga nzuri inakusaidia kuendelea kusogea wakati huo bila kulichokoza jeraha. Kinga mbaya, au nzuri iliyopimwa vibaya, inalichokoza kila asubuhi. Kazi yangu ni kine, yaani kutibu viungo na misuli kwa mazoezi, na wengi wanaokuja kwangu wanatumia trisikili za mkono, zile za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, kwa hiyo mambo ya viti, minyororo na mashimo ya barabara zetu nayakuta kila siku.

Nianze na mgongo, maana ndio uliokufanya uandike. Kwenye kinga yako nyeusi umekaa wima, na uzito wote wa kichwa, mabega na kifua unashuka kwenye uti wa mgongo mpaka kwenye mifupa miwili ya makalio. Miaka ya 1960 daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, aliingiza sindano yenye kipimo ndani ya diski za watu walio hai, akapima mgandamizo wao wakiwa wamekaa, wamesimama au wamelala. Aliona kwamba kukaa bila kuegemea kunaibana diski kuliko kusimama. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha kwamba ukilaza kiti nyuma na kukipa kiuno kitu cha kukishika, mgandamizo unashuka, kwa kuwa kiegemeo kinabeba sehemu ya uzito ambayo diski ingebeba peke yake. Hapo ndipo kinga ya kulala inapokushindia: mgongo mzima umeshikwa, mikono haibebi kitu, shingo haikunjwi.

Sasa upande wa pili, ambao wanaoipenda kinga hii huusahau. Kwenye kinga ya kawaida, ukiona shimo mbele unainua makalio kidogo, magoti yanalegea, na miguu inapokea pigo. Wewe umefanya hivyo miaka mingi bila kufikiri. Kwenye kinga ya kulala huwezi. Miguu iko mbele, mgongo umebanwa kwenye kiti, na kila shimo linaingia moja kwa moja kwenye kiuno. Ubelgiji ambako barabara ni laini jambo hilo ni dogo. Kwa njia za Katuba baada ya mvua ni jambo kubwa, na ndiyo sababu sharti langu la kwanza ni hili: iwe na springi nyuma. Kama haina, basi angalau fremu yake ipokee tairi pana, za milimita 47 au 50, ambazo utazijaza upepo kwa kiasi, kati ya bari 2 na 3, badala ya kuzikaza mpaka zinalia kama ngoma. Yenye tairi nyembamba na isiyo na springi, mwambie aibakize huko huko, na usione haya kumwambia.

Kuna jambo la pili la mgongo, na hili ningependa ulisome polepole. Maumivu yako yanashuka mguuni. Maana yake mshipa mkubwa wa fahamu unaopita takoni na nyuma ya paja umechokozwa pale unapotokea kwenye uti. Mshipa huo unavutika mtu akikunja nyonga na kunyoosha goti kwa wakati mmoja. Sasa tazama mguu kwenye kinga ya kulala pedali inapofika mbali kabisa: nyonga imekunjwa, goti limekaribia kunyooka. Ni karibu mkao uleule ambao daktari anautumia kukupima, anapokulaza chali na kuinua mguu ulionyooka mpaka useme "hapo". Kwa mtu ambaye mshipa wake umetulia, haidhuru. Kwa mtu ambaye bado unawaka, ni kuuvuta kwa kila mzunguko wa pedali, mara sitini au sabini kwa dakika.

Kwa hiyo kabla hujajibu Ubelgiji, fanya jaribio hili. Keti kwenye kiti cha kawaida cha mezani, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja. Nyoosha goti la kulia polepole mpaka mguu ulingane na paja. Ukihisi tu msuli wa nyuma ya paja unavutika, hilo ni la kawaida kwa umri wetu. Yale maumivu unayoyajua yakitoka takoni na kushuka kabla goti halijanyooka, mshipa bado haujatulia. Kinga unaweza kuipokea hata hivyo, lakini usiipande mpaka jaribio hilo lipite bila maumivu. Rudia mara moja kwa wiki. Kila siku hapana, kwa sababu kuupima sana mshipa ni kuuchokoza pia.

Jaribio lingine ni la kuinuka. Kiti cha trisikili za namna hiyo, zenye magurudumu mawili mbele, mara nyingi kiko sentimita 20 mpaka 40 tu juu ya ardhi. Watu wanauliza kuhusu kuendesha, hawaulizi kuhusu kushuka. Chukua kigoda cha jikoni, kile mama anachokalia akisonga bukari, ukikalie, halafu uinuke. Kama unaweza kwa kusukuma mapaja yako kwa mikono bila maumivu kushuka mguuni, vizuri. Kama inabidi uvutwe mkono, kinga hiyo itakuadhibu kila unapofika shuleni, na ni heri utafute aina nyingine, yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Ile kiti chake huwa juu zaidi, karibu na kiti cha kawaida. Unarudi kinyumenyume, unakaa, basi. Ubaya wake ni kwamba kwenye kona inainama haraka ukiwa na mwendo. Kwa mtu wa kilomita kumi na mbili kwa saa, kama utakavyokuwa, ubaya huo unavumilika.

Tukifika kwenye kipimo, hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kinga nzuri. Pedali zimefungwa mwisho wa bomba linalotoka mbele ya kiti, na bomba hilo linavutwa au kusukumwa kulingana na urefu wa miguu. Likiwa refu mno, unatafuta pedali kwa ncha ya kidole, nyonga inateleza mbele kwenye kiti, kiuno kinajikunja na kuacha kiegemeo. Hapo umepoteza faida yote niliyoieleza juu. Likiwa fupi mno, magoti yanakunjwa sana na kuanza kuuma mbele. Kaa vizuri, mgongo umegusa kiti mpaka chini kabisa, weka kisigino juu ya pedali ukiwa umevaa viatu vyako vya kazini, zungusha mpaka pedali iwe mbali. Goti linapaswa kunyooka kabisa bila nyonga kusogea. Halafu rudisha mguu mahali pake, sehemu pana ya unyayo juu ya pedali; sasa goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa. Kwako wewe mwenye mshipa, ningefupisha sentimita moja zaidi. Na kiti ukilaze kidogo kuliko kukisimamisha, ili nyonga ifunguke.

Mtoto wa dada yako anaweza kujua kutoka Ubelgiji kama bomba litakutosha. Keti sakafuni, makalio na mgongo vimegusa ukuta, miguu imenyooka mbele, uweke kitabu wima kwenye nyayo. Mke wako apime kutoka ukutani mpaka kwenye kitabu. Mtumie namba hiyo. Watengenezaji wa kinga hizi wanakitumia kipimo hicho, na kinga ambayo kipimo chako hakimo kati ya kifupi na kirefu chake haikufai hata iwe nzuri vipi.

Sasa hofu ya mama, yaani mke wako. Yuko sahihi nusu. Watu wanadhani kitu cha chini hakionekani, lakini kinachoonekana au kutoonekana na dereva ni kilicho mbele ya macho yake, na kwenye barabara iliyonyooka macho ya dereva yako barabarani, mahali wewe ulipo. Tena kitu kigeni kinamfanya aangalie mara mbili; utashangaa jinsi magari yatakavyokupa nafasi, kwa kuwa hawajui wewe ni nini. Hatari ya kweli iko pengine. Iko pale lori linaposimama na wewe ukajiweka karibu na bampa lake, iko pale gari linaporudi nyuma kutoka uani, iko kwenye njia panda yenye meza za wachuuzi zinazokuficha. Hapo urefu ndio unaokosekana, na bendera ndiyo inayouleta. Funga fimbo ya faiba nyuma ya kiti, ncha yake ifike mita moja na nusu au zaidi kutoka ardhini, na kitambaa cha rangi ya chungwa au kijani kinachowaka, kipana vya kutosha kupeperuka hata ukienda polepole. Kijiti chenye karatasi hakitoshi.

Lipo pia jambo la mji wetu. Tunaendesha kulia, lakini magari mengi hapa yana usukani kulia, yameingia kupitia Zambia na Tanzania. Dereva wa gari hilo anakuona vizuri wewe uliye ukingoni, maana amekaa upande wako. Asichokiona vizuri ni kinachokuja mbele yake anapotaka kukupita. Ndiyo sababu anatoka nje, anaona lori linakuja, anarudi ghafla upande wako. Kama umeshika ukingo kabisa, huna pa kwenda ila mtaroni. Acha nafasi upande wako wa kulia, kama nusu mita, nafasi ya kukimbilia. Na weka vioo viwili, wa kushoto kwanza. Kwenye kinga ya kulala huwezi kugeuza shingo ukatazama nyuma. Mabega yameshikwa na kiti. Bila kioo wewe ni kipofu wa upande wa nyuma, na pikipiki za hapa hazipigi honi kila mara.

Barabara ya malori ya shaba, ile ya kuelekea Kasumbalesa, usiiguse kabisa. Soko la Kenya asubuhi pia lizunguke: si kwa hatari ya kufa, bali trisikili ina upana wa sentimita 70 mpaka 85, na pale kati ya mikokoteni, makuli na mafungu ya nyanya upana huo haupiti. Hilo litakusumbua kuliko unavyodhani. Vile vijia vya pembeni ambavyo kinga zote zinavipita kukwepa lami mbovu, wewe havitakupokea. Na shimo ambalo zamani ulilikwepa kwa gurudumu moja, sasa una mistari mitatu ya kufikiria: ukilipitisha katikati ya magurudumu ya mbele, la nyuma linaingia humo humo. Tembea njia yako kwa miguu Jumapili moja, uitazame kwa macho hayo. Huenda njia ya mbali zaidi ikawa ndiyo yako.

Taa ya nyuma nyekundu iwake hata mchana. Usiku usitoke nayo. Mitaa mingi haina taa, na mtaro usiofunikwa hauonekani kutoka kule chini.

Ninaloliogopa zaidi kuliko malori, Mwalimu, ni mguu wako mwenyewe. Kwenye kinga ya kawaida mguu ukiteleza kwenye pedali unaning'inia, unaurudisha. Kwenye trisikili ya kulala mguu ukiteleza unaanguka chini mbele yako, kisigino kinagusa lami, na kinga inaendelea kwenda. Kisigino kimesimama, wewe unakwenda, mguu unakunjwa na kuvutwa chini ya fremu. Kwa mwendo wa mtu anayekimbia tu, hilo linavunja mfupa wa mguu au kuchana goti. Yeyote anayeuza trisikili bila kusema neno hili hajakutendea haki. Na kwako hatari imezidi, kwa kuwa mshipa uliobanwa unaweza kuulegeza unyayo bila wewe kujua, hasa mwisho wa siku.

Basi hakuna kupanda, hata uani, bila kitu kinachoshika mguu. Wazungu wengi wanatumia viatu vyenye kipande cha chuma chini kinachojifunga kwenye pedali. Ni vizuri, lakini ni ghali, kiatu cha namna hiyo hakiingii darasani, na mtu mwenye maumivu huchelewa kuuchomoa mguu. Mimi napendelea pedali yenye kikombe cha kisigino nyuma na mkanda mmoja juu ya unyayo. Kama haitakuja nayo, fundi viatu mzuri na fundi wa kuchomea wataitengeneza kwa pamoja: bati lililopindwa kushika kisigino, limefungwa kwenye pedali kwa boliti mbili, ndani limewekwa ngozi au kipande cha mpira wa gari, na mkanda wa kubandika unaofunguka kwa mvuto mmoja. Boliti zisitokeze upande wa ndani, zitagonga mkono wa pedali. Jaribu kufungua mkanda ukiwa umesimama mpaka mkono uzoee kuupata bila kutazama.

Freni nazo zina tabia yake. Magurudumu mawili ya mbele kila moja lina freni yake na mkono wake. Ukivuta mmoja tu, kinga inageukia upande huo. Hakikisha zinashika sawasawa: sukuma kinga polepole kwenye saruji, vuta zote, uone kama inasimama imenyooka. Kama una uchaguzi, chukua freni za ngoma, zilizofungwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Vumbi letu jekundu la Agosti na tope la Januari haviingii humo kirahisi, wakati freni za sahani zitataka kusafishwa kila wiki. Na iwe na freni ya kuegesha. Bila hiyo, unapojiinua kutoka kwenye kiti, kinga inakukimbia kutoka chini, na mtu mwenye diski akianguka kwa makalio anarudi mwanzo wa ugonjwa.

Sasa fundi wa Kenya. Alichosema ni kweli kwa mnyororo wa kinga nyeusi. Mnyororo huo ni mpana, milimita 3.2 ndani, kwa ajili ya meno mazito ya gurudumu lisilo na giya. Wa kinga yenye giya ni milimita 2.4, na mpana hauwezi kupanda na kushuka kwenye giya. Lakini hatua kati ya pini na pini ni ileile, milimita 12.7, kwa kinga zote hizo. Mnyororo wa trisikili ya kulala si wa aina ya pekee, ni mrefu tu: karibu mara tatu ya wa kawaida. Ukiunganisha minyororo mitatu ya kinga za milimani zenye giya saba au nane, hizi za mitumba zinazouzwa kila mahali, umeupata. Kwa hiyo uliza kinga ina giya ngapi nyuma. Saba, nane, hata tisa, utaishi nayo. Kumi na moja, kila kitu kitaagizwa.

Urefu huo una faida moja: mzigo unagawanyika kwenye viungo vingi, kwa hiyo unachakaa polepole. Una hasara pia: unapita ndani ya mirija na juu ya kapi chini ya kiti, na vumbi likikaa humo na mafuta mengi linageuka msasa. Paka mafuta kidogo, subiri, futa yote yaliyobaki nje kwa kitambaa. Mnyororo wenye afya ukiugusa kidole kinatoka na doa, hakitoki cheusi.

Kwenye tairi, sharti langu ni namba moja: 406. Itakuwa imeandikwa ubavuni, mfano 47-406. Hiyo ndiyo inchi 20 ya kinga za watoto, na tairi zake zinapatikana sokoni. Lakini kuna inchi 20 nyingine, 451, na kuna ndogo ya 349. Zote mbili zitakuacha kando ya barabara. Gurudumu la nyuma likiwa 559, yaani inchi 26 ya kinga ya milimani, hakuna shida. Mwambie pia aweke mipira ya ndani yenye valvu ya gari. Ile nyembamba ya Ulaya, fundi wa kando ya njia hana pampu yake. Na kuna zawadi ndogo: magurudumu ya mbele yamefungwa upande mmoja tu, kwa hiyo pancha ya mbele unaiziba bila kutoa gurudumu.

Ukianza kuona tairi za mbele zinalika haraka, zimekuwa na ukali kama tupa upande mmoja, si tairi mbovu. Magurudumu hayatazami mbele sawasawa, mara nyingi baada ya kugonga shimo. Usukani ukiwa umenyooka, pima kwa fimbo umbali kati ya rimu mbili upande wa mbele, halafu upande wa nyuma, usawa wa kitovu. Vipimo viwe sawa, au cha mbele kiwe pungufu kwa milimita moja au mbili. Kinarekebishwa kwa kuzungusha fimbo ya usukani. Mwonyeshe fundi wako mara moja, atajua kuliko mimi.

Kuhusu wenzako na gari la wagonjwa: tarehe 7 Julai 1933, mjini Paris, Mfaransa Francis Faure alipanda kinga ya kulala iliyotengenezwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja, akaipita rekodi ya Oscar Egg ya kilomita 44.247 iliyosimama tangu 1914. Mwaka uliofuata shirikisho la kinga la kimataifa liliziondoa kinga hizo kwenye mashindano yake. Ziliondolewa baada ya kushinda. Lakini usitegemee mwendo huo Katuba. Faida ya kukata upepo inaonekana mtu akienda kasi; wewe utakuwa polepole kuliko zamani, hasa kwenye mpando, maana huwezi kusimama juu ya pedali. Tumia giya nyepesi, uzungushe haraka. Ukisukuma giya nzito huku mgongo umekaza kwenye kiti, nguvu yote inaishia magotini.

Gharama usizipime kwa kinga peke yake. Kontena nyingi za kwetu zinashuka Dar es Salaam na kupita Zambia mpaka Kasumbalesa. Ongea na wakala wa forodha kabla haijapakiwa, ujue kodi na ada. Kama jumla inakutisha, liko jambo la bei ndogo ambalo ningetaka ulijaribu kwanza hata hivyo. Kinga yako nyeusi, kiti chake kikiwa juu mno, nyonga zinayumba kulia na kushoto kwa kila pedali, na kuyumba huko peke yake kunaweza kuwasha diski. Kishushe sentimita mbili, upandishe usukani, uweke kiti chenye springi, uache kubeba gunia la makala (makaa) au la unga nyuma. Ukiendesha dakika kumi na tano kisha ukatembea tano ukiisukuma, huenda nusu saa inayokuumiza ikaacha kukuumiza. Nimeona watu ambao hiyo tu iliwatosha.

Ikifika, usianze na kilomita sita. Anza na dakika kumi, mahali tambarare, siku moja ndiyo siku moja hapana, na uangalie mguu na si mgongo. Mgongo kuchoka kidogo ni sawa. Maumivu yakirudi juu, kutoka gotini kuelekea takoni na kiunoni, mambo yanakwenda vizuri. Yakishuka chini zaidi, kupita goti mpaka kwenye shavu la mguu au kidole, acha, ufupishe bomba, umwone kine wako kabla ya kupanda tena. Ganzi ya vidole vya miguu peke yake, inayoisha ukishuka, mara nyingi ni kwa sababu miguu imekaa juu na mkanda umebana, legeza mkanda.

Lakini kuna dalili ambazo hazingoji miadi ya kine. Unyayo ukianza kuburuta na huwezi kutembea kwa visigino, miguu yote miwili ikilegea, sehemu ya siri na mahali pa kukalia pakifa ganzi, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila wewe kutaka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, hata kama ni usiku. Hapo mishipa ya chini yote imebanwa, na kuchelewa kwa siku moja kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Mwambie mama pia dalili hizo, kwa sababu wanaume wa umri wetu huzificha.

Kwa sasa nijibu mambo manne tu kabla hujamwandikia Ubelgiji: goti linanyooka bila maumivu kwenye kiti, au hapana, unainuka kwenye kigoda, au hapana, kipimo cha kutoka ukutani mpaka kwenye kitabu, na namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi zake. Picha ya sehemu ya nyuma ya fremu, inayoonyesha kama kuna springi, itanisaidia pia.